Kushukuru Si Kuficha: Utafiti wa Nyumba na Mkazi wa Kisiwani

Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu tafiti za kitaifa za nyumba, yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakazi wa Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale.

 

Mazungumzo ya leo yaanze mlangoni. Karani wa utafiti amebisha hodi kwenye nyumba moja mtaa wa Kibokoni. Mama mwenye nyumba amemkaribisha, amempa kiti na maji ya kunywa. Karani ameuliza maswali yake: ukuta ni wa nini, vyumba ni vingapi, maji yanatoka wapi, choo ni cha nani. Mwisho akauliza, "Mama, umeridhika na makao yako?" Mama akajibu, "Alhamdulillahi, mwanangu." Karani akatia alama penye neno "ameridhika", akashukuru, akaenda zake nyumba ya pili.

Alichokiacha nyuma ni boriti mbili zilizooza juu ya kichwa cha yule mama, ndoo iliyotegwa kwenye ngazi kwa sababu ya mvua, na wajukuu wanne wanaolala ukumbini kwa zamu ya mikeka. Mfano huu si wa nyumba moja maalumu. Kila aliyekulia Kisiwani anajua nyumba ya namna hiyo, na wengine wanaishi ndani yake.

Mama hakusema uongo. Alimshukuru Mola wake, kama alivyofunzwa. Lakini karani hakuulizia imani yake, aliulizia dari. Majibu ya aina hii yakikusanywa kutoka nyumba elfu moja, yanapanda Nairobi yakiwa takwimu, na yanarudi Mombasa yakiwa mpango. Mpango usioijua ile ndoo ya ngazini hauwezi kuiondoa.

Nchi inahesabu nini

Suala la nyumba nchini Kenya limeandikwa kwa tarakimu kwa miaka mingi. Sera ya Kitaifa ya Nyumba ya mwaka 2004 ilikadiria kwamba miji ya Kenya ilihitaji nyumba mpya 150,000 kila mwaka, ilhali zilizokuwa zikijengwa ni kati ya 20,000 na 30,000 tu. Miaka ya karibuni makadirio ya serikali yamekuwa kwamba nchi nzima inahitaji angalau nyumba 200,000 kwa mwaka na inapata kama 50,000. Maana yake ni kwamba kati ya familia nne zinazohitaji nyumba mpya, moja inapata na tatu zinajibanza penginepo. Pengo hilo limeongezeka mwaka baada ya mwaka hadi likakadiriwa kufika nyumba milioni 2.

Sensa ya mwaka 2019 nayo ilionyesha kwamba katika nchi nzima kaya sita kati ya kumi zinaishi katika nyumba zao wenyewe. Mijini hali ni kinyume: karibu kaya nane kati ya kumi zinapanga. Kwa hivyo mtu wa mjini anapozungumza juu ya nyumba, mara nyingi anazungumza juu ya kodi.

Sensa huhesabu watu na nyumba. Kwa maswali ya ndani zaidi, kuna utafiti maalumu wa nyumba unaofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, pamoja na idara ya serikali kuu inayosimamia makao. Utafiti mmoja ulifanywa mwaka wa 2012/13, na mwingine ukafuata mwaka wa 2023/24. Tafiti hizo huuliza mambo matatu makubwa: watu wanahitaji nyumba gani, nyumba zinazopatikana ni zipi na kwa bei gani, na wanaoishi ndani yake wanazionaje. Haziishii kwa mkazi peke yake. Huwafikia pia wajenzi, wakopeshaji na wasimamizi wa ujenzi.

Kwa nini mkazi wa Kuze au Majengo ajishughulishe na hojaji hizo? Kwa sababu Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya usafi vinavyokubalika. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaipa serikali kuu jukumu la sera ya makao, na kuipa kaunti jukumu la mipango na maendeleo, yakiwemo makao yenyewe. Serikali zote mbili hupanga kwa takwimu. Asiyeonekana kwenye takwimu haonekani kwenye bajeti.

Mahitaji: kaya iliyofichika ndani ya kaya

Mwaka 2019 Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika kaya 378,422. Ni zaidi ya watu 5,000 kwa kila kilomita ya mraba. Mvita, ambayo ndiyo Kisiwa chetu, ilikuwa na watu 154,171, yaani takriban mtu mmoja kati ya kila wanane wa kaunti nzima, kwenye ardhi iliyozungukwa na maji isiyoweza kuongezwa hata hatua moja.

Wastani wa kaya ya Mombasa ulikuwa watu watatu na kidogo. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kila mtu ana nafasi ya kunyoosha miguu. Lakini wastani huchanganya kijana anayepanga chumba peke yake na nyumba ya ghorofa mbili yenye ndugu watatu, wake zao, watoto na bibi yao. Wanapika jikoni moja, basi wanaandikwa kaya moja, na nyumba moja inahesabika kuwatosha. Ukweli ni kwamba wawili kati ya ndugu hao wangehama kesho wangepata pa kuhamia penye kodi wanayoiweza. Hao ni kaya mbili zinazohitaji nyumba, na hazimo popote kwenye hesabu.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi huhesabu kuwa kuna msongamano pale watu zaidi ya watatu wanapolala chumba kimoja. Kila msikilizaji achukue kipimo hicho aende nacho nyumbani, ahesabu mikeka usiku. Jibu atakalopata ndilo la kumpa karani. Hakuna aibu ndani yake. Aibu ya msongamano si ya mwenye kusongamana.

Nyumba zilizopo: mpya zinazojengwa na za kale zinazopotea

Kwa upande wa kujenga, sheria ya nyumba za bei nafuu ilitiwa saini mwezi wa Machi 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Sheria hiyo inagawa nyumba katika mafungu matatu kulingana na kipato cha mwezi: chini ya shilingi 20,000, kati ya shilingi 20,000 na 149,000, na zaidi ya hapo. Ni vizuri kila mkazi ajue fungu lake. Mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, mchukuzi wa Marikiti na dereva wa tuktuk hawana karatasi ya mshahara, lakini wana kipato. Utafiti usiposikia kipato hicho kinavyopanda wakati wa msimu na kushuka wakati wa mvua, nyumba zitapangiwa bei kwa mwenye mshahara wa kila mwezi.

Hapa Kisiwani mfano unaojulikana na wote ni Buxton. Mtaa wa zamani wa nyumba za serikali ya mji ulivunjwa mwaka 2021, na mpango ukawa kujenga nyumba 1,860 kwenye ekari 14 kwa ubia kati ya kaunti na mwekezaji. Kabla ya kuvunjwa, wakazi walikuwa na hofu, na wengine walikwenda mahakamani. Hofu yao haikuwa juu ya simiti na nondo. Waliuliza: Nitarudi? Kwa bei gani? Jirani yangu wa miaka thelathini atakuwa wapi? Shule ya watoto je? Maswali hayo ndiyo utafiti unayaita kuridhika kwa wakazi, na funzo lake ni kwamba yanafaa kuulizwa kabla ya tingatinga kuwashwa, wala si baada ya vumbi kutua.

Kuna upande wa pili wa hesabu usiosemwa sana. Nyumba ya kale ikiporomoka, au ikifungwa kwa kuogopwa, pengo limeongezeka kwa nyumba moja sawasawa na kama haikujengwa mpya. Kwa hivyo kutengeneza ni kujenga. Katika Mji wa Kale jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu hiyo inalindwa kwa sheria za uhifadhi, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa huhusika katika ushauri wa kila ukarabati.

Nyumba za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, karibu mita tatu tu kutoka ukuta hadi ukuta. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu wa bahari huingia na hutoka. Ukipakwa saruji juu yake, unyevu na chumvi hubaki ndani, plasta hubanduka, na kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani huanza kuoza bila mtu kukiona. Wengi hupaka saruji kwa nia njema, kwa sababu ni rahisi kupatikana na fundi wake yuko kila kona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji wa Kale inafaa kuongezwa: na uuzibe kwa kinachofaa.

Sasa tazama jinsi nyumba hiyo inavyoandikwa. Penye swali la ukuta, karani anaandika "mawe na chokaa". Kitaifa hiyo ni nyumba imara, ya kudumu, bora kuliko ya udongo au mabati. Karatasi imeuona ukuta. Boriti iliyooza haina kisanduku chake, isipokuwa mkazi aitaje mwenyewe.

Mwenye nyumba asiye na ardhi

Swali jingine linaloonekana jepesi ni hili: "Nyumba hii ni yako au umepanga?" Mahali pengi nchini jibu ni neno moja. Majengo, na mitaa mingine ya Mombasa, jibu linaweza kuwa yote mawili.

Hapa pwani kuna desturi ya muda mrefu ya nyumba bila ardhi. Mtu mmoja ana hati ya kiwanja, na wapo walioipata familia yao tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Mwingine amejenga nyumba juu ya kiwanja hicho na hulipa kodi ya ardhi. Nyumba ni ya aina tuijuayo: korido katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vyumba vingine anapangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayolisha nyumba. Je, mtu huyu ni mmiliki au mpangaji? Ana nyumba ya kurithisha watoto, lakini hana hati ya kupeleka benki aombe mkopo wa kuezeka upya. Akiandikwa "mmiliki" na mambo yakaishia hapo, takwimu zitasema yuko salama. Ardhi ikiuzwa, ataamka ni mtu wa kuomba muda wa kuhama. Na wapangaji wake wa vyumba vitano wataondoka pamoja naye.

Katika Mji wa Kale fumbo hili lina sura nyingine. Nyumba imeachwa na marehemu babu, warithi ni kumi na wanane, wengine wako Muscat, wengine London, na mirathi haijagawanywa. Nyumba nyingine ni wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, ina msimamizi na masharti ya aliyeitoa. Sheria mpya ya wakfu ilipitishwa mwaka 2022. Katika nyumba za namna hizi dari huvuja kwa sababu kila mmoja ana haki na hakuna mmoja mwenye amri ya kumwita fundi. Tatizo hili halimalizwi kwa kujenga ghorofa mpya Kisauni. Linahitaji warithi wakae pamoja, mahakama ya Kadhi itumiwe mapema, na mipango ya serikali iwe na nafasi ya mikopo midogo ya ukarabati. Lakini nani atapanga hivyo, ikiwa kwenye karatasi nyumba zote hizo zimeandikwa tu "ya familia"?

Kuridhika kuna vipimo vyake

Turudi kwa mama wa Kibokoni. Angeulizwaje ili ukweli utoke bila kumvunjia adabu?

Mwaka 1991 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za kiuchumi na kijamii ilieleza mambo saba yanayofanya makao yafae. Yanaweza kugeuzwa kuwa maswali saba ya barazani. La kwanza, je, unaweza kufukuzwa wakati wowote? La pili, maji, choo, umeme na uzoaji taka vipo, au maji ni ya mkokoteni? La tatu, baada ya kulipa kodi, chakula kinabaki? Anayepata shilingi 25,000 na kulipa kodi shilingi 10,000, mia nne katika kila elfu moja ya jasho lake imekwenda kwa kulala tu. La nne, nyumba ni salama, haivuji, haina joto la kuumiza? La tano, mzee au mlemavu anaweza kuingia na kupanda ngazi? La sita, kazi, shule na hospitali ziko karibu? La saba, nyumba inaheshimu mila ya watu wake?

Hili la saba Mombasa inalielewa kabla halijaandikwa. Baraza la mbele ni mahali pa wanaume kuzungumza na mgeni kungoja. Ndani kuna sitara ya wanawake. Madirisha yamepangwa jirani asitazamane na jirani. Msikiti uko hatua chache. Familia ikihamishiwa chumba kimoja kwenye ghorofa ya kumi, ikapata bomba na choo cha ndani, imepata kitu na imepoteza kitu. Utafiti mzuri huandika vyote viwili.

Ndiyo maana mkazi wa Mji wa Kale anaweza kusema kweli kwamba ameridhika na asiwe ameridhika. Ameridhika na mtaa, na majirani, na adhana inayosikika kitandani. Hakuridhika na dari, na maji, na ngazi iliyovunjika ambayo bibi hajaishuka tangu mfungo uliopita. Majibu hayo mawili hayapingani. Yakitenganishwa, mpangaji wa mji ataelewa kwamba watu hawa hawaombi kuhamishwa. Wanaomba kutengenezewa walipo. Yakichanganywa katika neno moja la shukrani, ataelewa moja ya mambo mawili yasiyo kweli: kwamba hakuna shida, au kwamba pavunjwe.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Hakuna mtaalamu, awe wa Nairobi au wa kaunti, anayeijua nyumba kuliko anayelala ndani yake.

La kufanya hodi ikibishwa

Wakazi wengi huficha kwa sababu wanaogopa. Mwenye nyumba anaogopa kuongezewa kodi za serikali akitaja vyumba anavyopangisha. Mpangaji anaogopa mwenye nyumba akisikia. Hofu hizo zinaeleweka. Hata hivyo, Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza taarifa za mtu binafsi alizompa karani wa takwimu kutolewa kwa namna itakayomtambulisha, na anayezivujisha anavunja sheria. Mkazi ana haki ya kuomba kitambulisho cha karani kabla ya kufungua mlango, kuuliza utafiti ni wa nani, na kumuita mzee wa mtaa ashuhudie.

Baada ya hapo, yako mambo manne. Kwanza, hesabu watu wote wanaolala, na useme ni kaya ngapi zingejitegemea zingepata nafasi. Pili, kama nyumba ni yako na ardhi si yako, usikubali kuandikwa kwa neno moja, sema mpaka karani aandike. Tatu, taja ubovu kwa jina lake: boriti, ngazi, choo, nyaya za umeme. Nne, mwacheni mama na kijana nao wajibu. Mara nyingi baba wa nyumba ndiye hujibu, na yeye hutoka alfajiri akarudi usiku, hakutana na ngazi ile mara ishirini kwa siku akiwa na ndoo.

Tena utafiti si mlango pekee. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 na bajeti za kila mwaka hupitia vikao vya kushirikisha umma, na Katiba inalitaka bunge la kaunti liwasikilize wananchi. Sensa ijayo, kwa utaratibu wa kila miaka kumi, inatarajiwa mwaka 2029. Mtaa unaoweza kuanza leo kuandika nyumba zake zenye hatari, majina ya wasimamizi wa wakfu wake na idadi ya kaya zilizobanana, utafika kwenye vikao hivyo ukiwa na karatasi mkononi. Malalamiko ya mdomo husahaulika jioni ile ile. Orodha huingia kwenye faili.

Na kwa mama wa Kibokoni, hodi itakapobishwa tena, aanze kama alivyoanza: ampe karani kiti, ampe maji, aseme alhamdulillahi. Kisha amshike mkono ampandishe ngazi taratibu, amuonyeshe ile ndoo, na asubiri mpaka imeandikwa.